Kompyuta ya maji, prosesa moto: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa kompyuta za mezani, hasa za huku kwetu Mombasa, ambazo prosesa yake hupozwa kwa maji. Kuna mfumo uliofungwa kiwandani, yaani bloku inayokaa juu ya prosesa, pampu ya kuzungusha maji, mipira miwili ya kupitisha maji na rejeta ya kuyapoza kwa feni, na kuna ule unaoungwa kipande kwa kipande ukiwa na tangi lake. Joto lote limeandikwa kwa nyuzi za Selsiasi.

Prosesa ikifika nyuzi ngapi ndiyo niwe na wasiwasi?

Inategemea prosesa yenyewe. Intel za mezani za kizazi cha 12 hadi 14 zina kikomo cha 100. Za AMD, Ryzen 7000 nyingi kikomo chake ni 95, ila 7800X3D ni 89. Katika Ryzen 5000, 5600X ni 95 lakini 5800X, 5900X na 5950X ni 90. Ikifika hapo, prosesa hujipunguza kasi yenyewe. Haiungui pale pale.

Sasa, 7950X ikikaa 95 wakati kora zote zinafanya kazi, si ugonjwa. AMD waliiunda ipande mpaka hapo ikiwa nafasi ya umeme ipo. Cha kukupa wasiwasi ni haya: kompyuta imetulia na prosesa iko juu ya 60, mchezo wa kawaida unaipeleka 90, au mwendo unashuka katikati ya kazi hadi chini ya kasi ya msingi iliyoandikwa na mtengenezaji.

Pima kwa HWiNFO, programu inayoonyesha joto na wati za kompyuta. Kwa Intel soma mstari wa "CPU Package", kwa AMD soma "Tctl/Tdie". Usimamie wastani, usishtuke kwa mruko wa nusu sekunde.

Mbona watu mtandaoni wana rejeta kama yangu na prosesa yao iko 72, yangu 83?

Kwa sababu chumba chao kina nyuzi 21 na chako kina 32. Maji hayawezi kuwa baridi kuliko hewa inayopita kwenye rejeta, hata uweke rejeta ya ukubwa gani. Kila nyuzi moja inayoongezeka chumbani huongezeka kwenye maji na kwenye prosesa karibu vile vile.

Kwa hiyo ukiwa Mombasa acha kulinganisha nambari tupu. Weka kipimajoto kidogo mbele ya feni zinazovuta hewa, si ukutani, kisha toa joto la chumba kwenye joto la prosesa. Chumba 32 na prosesa 83 ni tofauti ya 51. Yule wa 72 kwenye chumba cha 21 naye ana 51. Kompyuta zenu ni sawasawa.

Hii ndiyo sababu mashine iliyokwenda vizuri wakati wa kusi, Julai, huanza kulalamika kaskazi ikishika, Januari mpaka Machi. Nyumba ya juu iliyoezekwa mabati ndiyo mbaya zaidi: saa tisa alasiri chumba kinaweza kuwa moto kuliko nje. Pima saa hiyo hiyo kila mara, la sivyo utasifu pesti mpya (ile inayopakwa kati ya prosesa na bloku) kumbe ni jua limetua.

Nianzie wapi kabla sijafungua chochote?

Usishike bisibisi bado. Acha kompyuta itulie dakika kumi, fungua HWiNFO, kisha anzisha Cinebench (programu ya kuipa prosesa mzigo mzito) ya kora zote huku ukitazama saa. Namna joto linavyopanda ndiyo inayokwambia tatizo liko wapi, na mtu akiruka hatua hii huishia kununua rejeta mpya kwa shida ya skrubu.

Joto likiruka mpaka kikomo ndani ya sekunde moja au mbili, maji hayajapata hata nafasi ya kupata moto. Kwa hivyo rejeta na feni hazina kosa. Joto limekwama baina ya prosesa na bloku: pesti imekauka, skrubu zimelegea, bloku imekaa upande, au karatasi ya nailoni iliyokuja imebandikwa chini ya bloku haikutolewa. Hilo la nailoni hutokea mara nyingi kuliko watu wanavyokubali.

Likipanda haraka hadi 75, likasita, kisha likaendelea kuongeza nyuzi moja moja kwa dakika kumi hadi ishirini mpaka 92, bloku imeshika vizuri. Maji ndiyo yanayojaa moto na hayana pa kuutua. Shughulika na rejeta, feni, na hewa ya chumba.

Likianza vizuri, halafu baada ya dakika moja au mbili likapanda bila kusimama mpaka kompyuta ijizime, maji hayazunguki. Hiyo ni pampu au kuziba.

Likipanda na kushuka ovyo huku mzigo ni ule ule, shuku hewa iliyonaswa ndani ya pampu.

Kuna tahadhari moja. Ryzen za sasa zina vipande vidogo sana vya silikoni (kora nane za Ryzen 7000 zimekaa kwenye takriban milimita za mraba 70), hivyo kuruka nyuzi ishirini kwa sekunde ni kawaida yake. Ili usijidanganye, soma wati pamoja na joto. 7950X ikiwa 95 huku inakula wati 220 ina afya. Ikiwa 95 kwa wati 120, bloku haikushika.

Nikigusa mipira, mmoja ni moto na mwingine baridi. Ni sawa?

Hapana. Watu hudhani lazima mmoja uwe wa moto na mwingine wa baridi kwa kuwa maji "yamepoa" kwenye rejeta. Hesabu inakataa. Maji yakipita lita moja kwa dakika hubeba takriban wati 70 kwa kila nyuzi moja. Prosesa ya wati 200 itaweka tofauti ya nyuzi tatu hivi kati ya mpira unaoingia na unaotoka, na mkono wako hautaihisi vizuri. Ukihisi tofauti kubwa, maji yamesimama au yanapita kwa tabu.

Mipira yote miwili ikiwa baridi na prosesa iko 95, rudi kwenye bloku na pampu. Yote miwili ikiwa moto sana, rejeta haifanyi kazi yake.

Nitajuaje kama pampu inazunguka?

Ingia BIOS (ukurasa wa mipangilio unaofunguka kabla ya Windows) utazame mizunguko kwa dakika. Pampu nyingi za mifumo ya kiwandani huwa kati ya 2,000 na 3,000. Ikisoma sifuri, usihukumu mara moja: huenda waya wake wa kupima kasi umechomekwa kwingine, au ni pampu inayopata umeme wake kwenye waya wa SATA wa kisanduku cha umeme na plagi hiyo imelegea. Weka kidole juu ya bloku. Pampu iliyo hai hutetemeka kidogo sana, bila kukatika.

Kosa linalorudi kila mara ni kuchomeka pampu kwenye soketi ya CPU_FAN kisha kuiacha ifuate mpangilio wa feni. Kompyuta ikitulia, mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) inaipunguzia umeme pampu mpaka asilimia 40, na kazi ikija ghafla maji yanachelewa. Chomeka kwenye AIO_PUMP au W_PUMP, au kama hakuna, weka soketi uliyotumia iwe asilimia 100 wakati wote. Isipokuwa mwongozo wa mfumo wako unasema vingine. Baadhi hujiongoza wenyewe kupitia USB na programu yao, na programu hiyo ikifutwa pampu hubaki kwenye mwendo wa mwisho ilioachwa nao.

Kompyuta inatoa sauti ya maji yakigugumia. Kuna nini?

Hewa. Hata mfumo uliofungwa huwa na hewa kidogo ndani, na huongezeka kadiri miaka inavyokwenda kwa sababu maji hupenya taratibu kwenye kuta za mipira. Hewa hupanda juu, basi kazi yako ni kuhakikisha "juu" ni kwenye rejeta, si kwenye pampu.

Rejeta ikifungwa kwenye paa la kesi (kasha la kompyuta), salama. Ikifungwa mbele, ncha yake ya juu lazima iwe juu kuliko pampu, na ni bora mipira itokee chini. Ikifungwa kwenye sakafu ya kesi, pampu inakuwa ndiyo kilele cha mfumo, hewa yote inakusanyika humo, na pampu inazunguka ikiwa kavu nusu. Itapiga kelele, itachemka, kisha itakufa.

Kutoa hewa iliyonaswa: washa kompyuta bila mzigo, inamisha kesi mbele na nyuma, kushoto na kulia, nyuzi 30 hivi, polepole, kwa dakika tano. Kwa mfumo wenye tangi, fungua kifuniko cha tangi na uongeze maji yakishuka.

Pesti nibadilishe kila baada ya muda gani, na niweke kiasi gani?

Miaka miwili hadi mitatu inatosha kwa pesti ya kawaida, au kila unapoinua bloku. Ukishainyanyua hata kidogo, usiirudishe juu ya pesti ile ile, hewa imeshaingia.

Kabla ya kuinua, iendeshe kompyuta dakika kumi ili pesti ilainike, kisha izime, chomoa waya wa stima, na uzungushe bloku kushoto na kulia kabla ya kuivuta. Ukivuta moja kwa moja kwenye AM4 (soketi ya Ryzen 5000 na za kabla yake), prosesa inaweza kutoka pamoja na bloku na pini zikapinda.

Futa kwa alkoholi ya isopropili ya asilimia 90 kwenda juu na kitambaa kisichoacha nyuzi. Spiriti ya duka la dawa si badala yake: nyingine hutiwa mafuta ya nyonyo ili isikaushe ngozi, na mafuta hayo yatabaki kwenye shaba. Weka pesti kiasi cha punje ya mbaazi katikati. Kwa LGA1700 (soketi ya Intel kizazi cha 12 hadi 14), ambayo prosesa yake ni ndefu, vuta mstari mfupi au ongeza vitone viwili juu na chini.

Kaza skrubu kwa msalaba, mizunguko miwili kila moja, mpaka zote zigote. Na hakikisha nguzo za skrubu ni za soketi yako: matundu ya LGA1700 yako milimita 78, ya LGA1200 iliyotangulia ni 75, tena prosesa ya LGA1700 imekaa chini zaidi. Nguzo za zamani zinaweza kulazimishwa zikaingia, lakini bloku haitagandamiza sawasawa. Ukiinua tena, ule wayo wa pesti ndio ushahidi: ukikuta upande mmoja umebanwa mpaka shaba inaonekana na mwingine mnene, bloku ilikaa upande.

Rejeta naisafisha vipi? Kwa kuangalia inaonekana safi.

Unaiangalia upande wa nje. Ondoa feni utazame upande zilikofungwa, hapo ndipo vumbi hushonana kama blanketi.

Vumbi la pwani halifanani na la bara. Hewa yetu ina unyevu na chumvi, hivyo vumbi halikai likiwa kavu; linashika kwenye vibati vyembamba vya rejeta na kuwa utando unaonata. Ukikaa karibu na maji, tuseme Nyali au Likoni upande wa baharini, na dirisha hukaa wazi, kagua kila mwezi na nusu. Ndani zaidi, miezi mitatu. Chumvi hiyo hiyo hula alumini: ukiona unga mweupe au madoa ya vishimo kwenye vibati, hasa pembeni panapoungana na tangi la rejeta, hesabu siku za rejeta hiyo.

Tumia blowa ya umeme au brashi laini ya rangi. Pulizia kutoka upande hewa inakotokea kwenda upande inakoingia, yaani kinyume na safari yake ya kawaida, na shika mapanga ya feni yasizunguke. Usipeleke kesi kwa fundi wa pancha apulizie na kompresa ya matairi. Kompresa isiyomwagwa maji hutema maji na mafuta, na presha yake hukunja vibati. Utando ukigoma, toa rejeta kabisa, paka maji ya uvuguvugu yenye sabuni kidogo kwa brashi, suuza kwa maji yasiyo na chumvi, na uiache ikauke siku nzima kabla ya kuirudisha.

Feni zangu zimeelekea upande sahihi?

Hewa hutokea upande wenye fremu inayoshikilia mota. Shika kipande cha tishu mbele ya rejeta: kinyonywe upande mmoja na kipeperushwe upande wa pili. Feni zote za rejeta moja lazima zikubaliane.

Paani, zitoe hewa nje. Mbele, zivute hewa ya nje iingie. Prosesa itapoa zaidi ingawa kadi ya picha itapata hewa yenye uvuguvugu. Na kioo cha mbele kisicho na matundu hakifai huku kwetu, hata kipendeze vipi.

Mfumo wa kuunga mwenyewe niutie maji gani?

Maji yaliyokenekwa, yaani ya kutoneshwa, pamoja na dawa ya kuzuia kutu na ya kuua vijidudu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Au kioevu kilichochanganywa tayari.

Ya mfereji, hapana. Maji ya visima vingi vya Mombasa yana chumvi wazi kabisa mdomoni, na hata yasiyo na ladha ya chumvi yana chokaa. Ya chupa ya kunywa pia yana madini. Maji ya betri ya gari yanafaa ikiwa chupa imeandikwa kwamba yametolewa madini au yamekenekwa, lakini soma vizuri: dukani yamepangwa rafu moja na asidi ya betri, na chupa zinafanana. Kulanti ya gari huzuia kutu, ila ya ethilini glikoli ni sumu kwa mtoto na paka, ni nzito kusukuma, na hubeba joto kidogo kuliko maji.

Kuna jambo zito zaidi ya maji: usichanganye alumini na shaba katika mfumo mmoja. Rejeta ya alumini na bloku ya shaba ndani ya maji huwa betri, na alumini ndiyo inayoliwa. Mifumo ya kiwandani mingi ina mchanganyiko huo huo, lakini imefungwa ikiwa na dawa maalumu ndani. Wewe ukiifungua na kuijaza maji matupu, umeondoa kinga.

Maji yamegeuka rangi na joto limeanza kupanda polepole kwa wiki. Nifanyeje?

Tope limeziba bloku. Ndani ya bloku kuna mifereji iliyo nyembamba kuliko unene wa kadi ya simu, na ndiyo kichujio cha kwanza cha kila uchafu: mwani, kutu, na ute mweupe unaotoka kwenye mipira laini ya bei rahisi.

Mwaga maji yote. Fungua bloku, piga picha kabla ya kutoa raba ili ujue ilivyokaa, na usugue mifereji kwa mswaki laini kufuata mstari wake. Shaba tupu inaweza kulowekwa dakika chache kwenye siki nyeupe iliyozimuliwa na maji nusu kwa nusu. Iliyopakwa nikeli usiiweke kwenye siki. Sabuni na maji vinatosha. Kifuniko cha akriliki kisiguswe na alkoholi kamwe, kitapasuka nyufa ndogo ndogo. Suuza vipande vyote kwa maji yaliyokenekwa mara mbili tatu kabla ya kujaza upya, na mipira iliyotoa ute itupe.

Nikiweka AC, au barafu kwenye tangi, nitamaliza shida?

AC husaidia moja kwa moja: ukitoa chumba 32 ukakipeleka 25, prosesa itashuka nyuzi saba hivi.

Barafu ni kuua kompyuta. Miezi ya joto, hewa ya Mombasa huanza kutoa umande kwenye kitu chochote chenye nyuzi 24 au 25 kushuka chini. Glasi ya maji baridi inavyotoka jasho mezani, ndivyo bloku na mipira itakavyotoka jasho juu ya mazabodi. Kwa sababu hiyo hiyo, kompyuta iliyolala imezimwa katika chumba cha AC cha nyuzi 19 isiwashwe pindi tu madirisha yanapofunguliwa asubuhi. Ipe nusu saa ilingane na chumba.

Nimekagua kila kitu, kila kitu ni kizuri, bado iko kikomoni.

Basi prosesa inalishwa umeme mwingi. Mazabodi nyingi huondoa mipaka ya wati bila kukuuliza. Core i9-14900K ina mpaka wa wati 253. Bodi ikiifungulia inaweza kwenda mbali zaidi, na rejeta ya milimita 240 kwenye chumba cha nyuzi 32 haiwezi. Ingia BIOS, weka PL1 na PL2 (mipaka ya wati ya muda mrefu na ya muda mfupi) kwa nambari za Intel, au shusha hadi 180. Utapoteza kasi kidogo kuliko unavyohofia. Kwa kizazi cha 13 na 14, sasisha BIOS kwanza: mwaka 2024 Intel ilitoa marekebisho kwa sababu prosesa hizo ziliomba volteji ya juu mpaka nyingine zikaharibika.

Kwa Ryzen, washa Eco Mode (hali ya kula umeme kidogo) ya wati 105 au 65, au tumia Curve Optimizer (mpangilio wa BIOS wa kupunguza volteji) kwa hasi 15 kora zote, ujaribu siku kadhaa, ndipo uende hasi 20. Kompyuta ikijizima ikiwa imetulia, umezidisha.

Inachemka hata sijafungua programu yoyote.

Fungua Task Manager upange kwa CPU. Kama ni masasisho ya Windows, ngoja. Kama kuna programu usiyoijua inayokula nusu ya prosesa, na hutoweka ukifungua dirisha hilo, safisha kompyuta: huenda kuna mtu anachimba sarafu za kidijitali kwa stima yako.

Mfumo wa kiwandani hudumu miaka mingapi?

Mitano hadi saba. Kwa joto letu maji hupungua upesi, hivyo usitarajie kuvuka ule mwisho wa juu. Ukianza kusikia mgugumio na joto la kutulia likawa limepanda nyuzi kumi ukilinganisha na mwanzo kwa chumba cha joto lile lile, badilisha. Kuufungua na kuujaza hakulipi, isipokuwa ile michache yenye kizibo cha kujazia.

Imevuja! Nifanye nini sasa hivi?

Zima kwenye swichi ya ukutani, usingoje Windows ifunge. Chomoa waya. Laza kesi ili maji yakimbie mbali na mazabodi na kadi ya picha, kisha yakaushe kwa tishu kwa kugandamiza, bila kusugua. Toa kadi ya picha, toa RAM, toa betri ndogo ya mazabodi. Kioevu chenye rangi au dawa huacha chumvi zinazopitisha umeme hata kikikauka, kwa hiyo osha sehemu iliyolowa kwa alkoholi ya isopropili na brashi. Weka feni ipulize saa 24, au 48 kama mvua za masika zimeanza.

Mfumo wa kiwandani uliovuja hautengenezwi, unatupwa. Ule wa kuunga, kaza viungo, badilisha raba, kisha jaribu pampu peke yake: chomoa nyaya zote kutoka kwenye mazabodi, unganisha pini ya 16 na ya 17 za plagi ya pini 24 ili kisanduku cha umeme kiwake, funga tishu kavu kwenye kila kiungo, na uiache pampu izunguke siku nzima. Tishu hata moja ikilowa, kiungo hicho bado.